Krismasi melini, na mama anasubiri Tukuyu

Wiki nzima nilikuwa kimya, tulikuwa na majaribio matatu mfululizo, na baridi hii ya Iringa asubuhi, acha tu. Leo nimepata nafasi, nina jambo linanisumbua tangu juzi, ngoja nilitoe.

Juzi jioni tulikaa kantini na jamaa mmoja Mmarekani. Wamarekani hapa Iringa si wageni sana, maana Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina urafiki wa miaka mingi na Walutheri wa Saint Paul kule Minnesota, wenyewe wanauita Bega kwa Bega. Basi akatusimulia Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani. Ni Alhamisi ya nne ya Novemba, rais Lincoln aliitangaza nchi nzima mwaka 1863, na sheria ya kuiweka Alhamisi hiyo ilipita 1941. Watu wanasafiri kutoka pande zote wakale bata mzinga kwa wazazi.

Akaongeza kwamba siku hizi kuna wanaokwepa. Badala ya kwenda nyumbani wanapanda meli ya starehe. Hakuna kupika, hakuna kuosha vyombo, hakuna shangazi wa kukuuliza utaoa lini. Na meli zenyewe si mchezo. Ile Icon of the Seas iliyoanza safari zake Miami Januari 2024 ina ghorofa 20 na inabeba hadi abiria 7,600. Duh! Kijiji kizima kinaelea.

Wenzangu wakacheka wakasema Wazungu bwana, hawana ndugu. Mimi nikanyamaza kimya. Kwa sababu mimi Mnyakyusa, mtoto wa Rungwe, nilishafanya hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka wa kwanza. Bumu lilikuwa limetoka, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na hela ambayo hakuna mtu wa kuniuliza imekwenda wapi. Washikaji wanne tukapanga Krismasi twende Kyela, tupande meli Ziwa Nyasa mpaka Mbamba Bay, tule raha tupige na picha. Mama akapiga simu kuuliza nafika lini. Nikamwambia mwaka huu siji, nimebaki chuoni najisomea. Akasema sawa mwanangu, soma.

Sasa anayeijua njia hii ameshanielewa. Kutoka Iringa unapita Mafinga, Makambako, Chimala, unafika Uyole, pale basi linakata kushoto kwenda Kyela. Na huwezi kufika Kyela bila kupita Tukuyu. Kwetu ni kutembea tu kutoka barabarani. Basi liliposimama pale, akina mama wakaja madirishani na ndizi, mimi nikavuta kofia nikainamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Niliogopa mmoja wao asije akawa ananijua. Mwanaume mzima, najificha nisionekane kwetu!

Bandarini Itungi ndipo nilipoanza kuona kwamba hii meli si ile ya Miami. MV Mbeya II, iliyojengwa hapohapo Kyela, ni ya abiria 200 na mzigo tani 200. Na meli za ziwa lile hazikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wenye bumu. Upande wa Ludewa milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, na kuna vijiji ambavyo kwa watu wake barabara ni ziwa. Watu walikuwa na magunia ya mchele, magodoro, mabati, vifaranga kwenye maboksi. Kila mtu alikuwa anakwenda kwao, isipokuwa sisi wanne.

Nikakaa karibu na mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unashuka wapi?"

"Mbamba Bay."

"Ndiko kwenu?"

"Hapana mama, kwetu Tukuyu."

Akanitazama. Mwenyewe alikuwa anashuka Lupingu, alikuwa na wiki mbili Mbeya hospitali na mgonjwa, anawahi wajukuu. Akauliza, "Sasa Tukuyu umeiacha nyuma, Krismasi unakwenda kwa nani?" Sikuwa na jibu. Akanimegea kipande cha muhogo, hakuuliza tena.

Usiku upepo ukaanza, meli ikawa inayumba. Ziwa lile lina kina cha mita kama 700 sehemu yenye kina kirefu zaidi. Hapo ndipo akili ilinijia. Nchi hii tumelia sana na vyombo vya majini. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Sasa mimi niko juu ya maji na mama yangu anajua niko maktaba Iringa. Likitokea la kutokea, redio itatangaza, mama atasikitika kwa watoto wa wenzake, kisha ataendelea kumenya ndizi. Hatajua hata kwamba anatakiwa kulia. Nawaambia ukweli, sikuogopa kufa kama nilivyoogopa hilo.

Mtandao uliporudi nikakuta meseji ya mdogo wangu: "Kaka mama anasema kuku tumemchinja, paja lako tumekuwekea."

Wakati wa kurudi nilishuka Tukuyu. Nilikuwa na mchele kilo tano na mfuko wa usipa, nikajitia eti nimeamua kuwashtukiza. Mama akanitazama usoni, nimeungua na jua la ziwani mpaka pua inabanduka. Akasema, "Iringa siku hizi kuna jua hivyo?" Halafu akapokea ule mfuko, akaunusa, akasema, "Ndaga." Asante. Basi. Mpaka leo hajaniuliza, na mimi sijamwambia.

Sasa maoni yangu. Sisemi watu wasitembee. Ziwa Nyasa ni letu na wengi tunalijua kwenye ramani tu (ndugu zetu wa ng'ambo wanaliita Ziwa Malawi, hayo tuwaachie wakubwa). Ukiona Matema asubuhi, milima nyuma na wale Wakisi na vyungu vyao, utajiuliza watu wanafuata nini mbali. Na najua si kila nyumba ni ya kukimbilia. Kuna wenzetu nyumbani kuna ugomvi, kuna ambao hakuna tena wa kumwendea, na kuna ambao nauli haipo. Hao siwasemi.

Nawasema wenzangu na mimi, ambao tunasubiriwa. Sikukuu ya shukrani hata sisi tunayo, tunaiita ya mavuno. Wote mmeona kanisani: huyu kaleta debe la mahindi, huyu mkungu wa ndizi, unapigwa mnada, jogoo mmoja anauzwa bei ya mbuzi na watu wanapiga vigelegele. Anayenunua anajua fika kwamba sokoni angempata kwa bei ndogo. Hajaja kununua jogoo, amekuja kuonekana kwamba yupo na anashukuru. Huwezi kumtuma mtu akashukuru kwa niaba yako.

Na hilo bumu tunalojidai nalo ni mkopo, tutalilipa kwa miaka. Mimi pengo la ada lililobaki lilizibwa na viazi vya mama. Kwa hiyo meli ile niliipanda kwa viazi vyake, nikipita mbele ya mlango wake nimevaa kofia.

Wiki hii washikaji wameanza tena kwenye grupu, Krismasi Nyasa, nani yupo? Nimeandika jina langu. Ila nimewaambia Tukuyu nashuka, nakula kuku kwanza, Matema tutakutana tarehe 27. Na sitakuja peke yangu. Mama amezaliwa anaishi safari ya asubuhi tu kutoka ziwani, na hajawahi hata siku moja kupanda meli. Nimempigia jana kumwambia. Kwanza akacheka, akasema maji yale anayaogopa. Halafu akauliza avae nini.

Huenda huko melini ndiko nitakakomwambia. Nawasilisha.