Marekani: Ulezi wa watafiti chipukizi njia panda

UAMUZI wa Serikali ya Marekani wa mwaka 2025 kufuta mipango kadhaa ya kuwaandaa wanafunzi kutoka jamii zenye wanasayansi wachache, umerudisha mezani mjadala wa miaka mingi katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Je, mhadhiri anayemlea mwanafunzi katika utafiti anapaswa kujua mwanafunzi huyo ametoka katika mazingira gani?

Miongoni mwa mipango iliyofutwa na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo (NIH) ni MARC, ulioanzishwa miaka ya 1970, ambao uliwagharimia wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofanya utafiti chini ya uangalizi wa wahadhiri. Hatua hiyo ilifuatia amri za Rais Donald Trump za Januari 2025 zilizoelekeza kusitishwa kwa programu za serikali zenye lengo la kuongeza uwakilishi wa makundi mbalimbali.

Wanaounga mkono hatua hiyo wanasema fedha za umma hazipaswi kugawanywa kwa kuangalia rangi ya mtu. Hoja hiyo ina uzito wake, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilivizuia vyuo vikuu kutumia kigezo cha rangi katika udahili. Hata hivyo, hoja hiyo inachanganya mambo mawili: nani achaguliwe, na aliyekwisha kuchaguliwa alelewe vipi.

Tofauti hiyo ilijitokeza mapema katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakishindwa somo la kalkulasi. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, hawakuandaliwa vyema, wazazi hawawahimizi.

Treisman aliwafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China hadi katika makazi yao, na akakuta picha tofauti. Wanafunzi weusi walikuwa na ari na walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja alijifungia peke yake. Wenzao wa asili ya China walisoma kwa makundi, wakisahihishana na kupeana taarifa. Alipoanzisha makundi ya kukokotoa maswali magumu kwa pamoja, matokeo ya wanafunzi weusi yalipanda. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hakuna mhadhiri aliyekuwa ameuliza kabla ya kuhukumu.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County (UMBC). Mwaka 1988, mfadhili Robert Meyerhoff na msomi Freeman Hrabowski, ambaye akiwa na umri wa miaka 12 alitiwa mbaroni katika maandamano ya kudai haki za watu weusi mjini Birmingham mwaka 1963, walianzisha mpango wa kuwaandaa vijana weusi kuwa wanasayansi. Kundi la kwanza lilikuwa la wanaume 19.

Vijana hao hukutanishwa kabla ya mwaka wa kwanza kuanza, husoma kwa makundi, hupelekwa maabara mapema, na familia zao hushirikishwa. Mlezi hutarajiwa kujua kwamba kijana ambaye ni wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu hajui kuwa anaruhusiwa kugonga mlango wa profesa na kuomba nafasi.

Mwaka 1996, baada ya mahakama ya rufaa kubatilisha ufadhili wa weusi pekee katika chuo kingine cha jimbo hilo, mpango huo ulifunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote. Haukufa. Kilichobaki ni namna ya kulea, na baadaye vyuo vikuu vya Penn State na North Carolina, Chapel Hill viliiga utaratibu huo. Mmoja wa wahitimu wake, Kizzmekia Corbett, alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa NIH walioongoza kazi iliyozaa chanjo ya Covid-19 ya Moderna.

Aidha, mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa uwezekano wa mwombaji mweusi kupata fedha za utafiti za NIH ulikuwa chini kwa pointi 10 za asilimia ukilinganishwa na wa mweupe, hata baada ya kuzingatia elimu, mafunzo na machapisho yao. Ripoti ya taasisi za kitaifa za sayansi, uhandisi na tiba ya mwaka 2019 nayo ilieleza kwamba ulezi wa kitaaluma si kipaji cha kuzaliwa, bali ni stadi inayofundishika.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, suala hili haliko mbali. Tatizo huenda lisiwe rangi, lakini mtoto wa mfugaji na mtoto wa ofisa wa mjini hukaa darasa moja na kuandika utafiti wa mwaka wa mwisho chini ya msimamizi mmoja. Kijana aliyefundishwa kwamba kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu ataitikia kila neno la msimamizi wake, hata pale takwimu alizokusanya zinaposema vingine. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaweza kuwa na hoja nzito asiyoweza kuieleza kwa Kiingereza. Msimamizi asiyelitambua hilo ataona ukimya na kuuita uzembe.

Jambo la msingi ni kwamba ulezi wa aina hii unahitaji muda, na mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa machapisho yake kuliko kwa vijana aliowainua. Marekani imeonyesha kwamba fedha zinaweza kukatwa kwa amri ya siku moja. Kumuuliza mwanafunzi anakotoka na kinachomkwamisha hakuhitaji fungu la serikali, lakini kazi hiyo isipopimwa wala kuthaminiwa, itaendelea kutegemea huruma ya mhadhiri mmoja mmoja.