Vitamini D: Matone ya mtoto au vidonge vya mama?

KWA miaka mingi akina mama wamehimizwa kuwanyonyesha watoto wao maziwa yao pekee hadi watimize miezi sita. Ushauri huo ungali sahihi. Nchini Marekani, hata hivyo, umeandamana na sharti linalowatatiza wazazi wengi: tangu siku zake za mwanzo mtoto anayenyonya apewe pia matone ya vitamini D, yuniti 400 kila siku. Kiwango hicho kilitangazwa na chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo mwaka 2008, kikachukua nafasi ya yuniti 200 za mwaka 2003.

Mama aambiwaye hivyo hudhani maziwa yake yametiwa ila. Sivyo. Kinachoingia katika maziwa hutegemea kilichomo katika damu yake, na akina mama wengi wana upungufu. Jua lingesaidia, lakini mchanga hukingwa dhidi ya jua kali, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Madaktari wa North Carolina walipochapisha mwaka 2000 habari za watoto 30 wenye matege, wote walikuwa Wamarekani weusi walionyonyeshwa bila nyongeza hiyo.

Je, kwa nini asipewe mama? Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Bruce Hollis wa Charleston, South Carolina, walionyesha kuwa mama akimeza yuniti 6,400 kila siku, mtoto wake hupata vitamini ya kutosha kupitia maziwa, sawa na mwenzake anayepewa yuniti 400 kwa matone. Mama naye hunufaika, jambo ambalo matone hayawezi kulifanya.

Kikwazo ni kwamba mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka ukomo wa yuniti 4,000 kwa siku kwa watu wazima, wakiwemo wanaonyonyesha. Kwa maoni yetu, ukomo huo uliwalenga wanaomeza bila kusimamiwa. Mama anayepimwa damu na daktari wake ni habari nyingine. Lakini asianze peke yake nyumbani.

Matone nayo yana hatari yake. Mwaka huohuo wa 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilionya kuwa baadhi ya vipimio huchota zaidi ya yuniti 400. Mzazi atumie kipimio kilichokuja na chupa yake, tena asome alama kabla ya kukijaza.