Afisa Asimdharau Sajini

Wenzangu wengi husema eti sajini kazi yake ni kupiga makelele gwarideni tu, amri zote ni za afisa. Mimi sikubaliani nao kamwe!

Hebu tutazame historia. Katika jeshi la KAR, kwa miaka mingi Mwafrika alipanda cheo hadi sajini meja, basi, akakwama hapo. Maafisa walikuwa Wazungu. Lakini nani aliyejua askari yupi mgonjwa, yupi ananung'unika? Sajini! Januari 1964, askari wa Tanganyika, Uganda na hapa kwetu Lanet waliasi, wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Ikabidi majeshi ya Uingereza yaitwe kuwazima. Kwa maoni yangu, wakubwa walichelewa kusikiliza.

Sisemi sajini ampindue afisa, la hasha! Fahali wawili hawakai zizi moja. Ila luteni aliyetoka chuoni jana amwulize kwanza sajini wa miaka kumi na mitano, ndipo aamuru. Penye wazee haliharibiki neno.

Nasi viranja je? Walimu wetu wapendwa, kanuni ni zenu, lakini bwenini tunalala sisi. Tuulizeni!