Masheikh Walionya, Hawakusikilizwa

Kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, mwaka 2020 Waislamu walifikia takriban bilioni mbili, yaani robo ya walimwengu. Tangu 2010 walikuwa wameongezeka kwa watu milioni 347, kuliko wafuasi wa dini nyingine yoyote. Kila takwimu hizi zinapotajwa, hofu hufuata: Uislamu ukienea, je, msimamo mkali nao hautaenea? Swali hili linachanganya mambo mawili, na sera zinazojengwa juu yake zinagharimu roho za watu.

Waislamu wanaongezeka hasa kwa sababu wengi wao ni vijana na wanazaa zaidi. Lau wingi wa waumini ndio ungekuwa chanzo cha ugaidi, Indonesia yenye Waislamu zaidi ya milioni 200 ingekwisha kuteketea. Kumbe tangu 1999 Waindonesia wanachagua viongozi wao kwa kura huru, na jumuiya zao kubwa za kidini, Nahdlatul Ulama na Muhammadiyah, zinaendesha shule, vyuo na hospitali.

Tazama basi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kikundi ambacho wenyeji wanakiita Al-Shabaab kilianza kwa kugombana na Waislamu wenzake. Kiliingia misikitini na viatu, kikakataza watoto kusoma shule za serikali, kikawakufurisha waliokipinga. Masheikh wa huko walikikemea na kuitahadharisha serikali mapema, lakini onyo lao halikupewa uzito. Wakati huohuo ardhi yenye gesi na rubi ilikuwa na vijana wasio na kazi, na mwaka 2017 wachimbaji wadogo wa Montepuez walitimuliwa kwa nguvu. Oktoba 5 mwaka huohuo Mocímboa da Praia ikashambuliwa. Vita vilivyofuata viliwahi kuwaacha karibu watu milioni moja bila makazi, Waislamu kwa Wakristo.

Shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliwahoji watu waliojiunga na makundi ya aina hii barani Afrika. Katika ripoti yake ya 2017, asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 57 walikiri kuwa maandiko ya dini hawayaelewi au wanayaelewa kidogo tu. Waliosoma dini kwa miaka sita au zaidi walikuwa wagumu zaidi kushawishika.

Wapo wanaosisitiza kwamba mzizi ni itikadi. Wana hoja. Umaskini peke yake haumfanyi mtu amchinje jirani yake. Lazima awepo wa kumwambia kuwa ni halali. Lakini fatwa potofu huvunjwa na mwanachuoni anayeaminika, na imani hiyo serikali inaweza kuiua kwa siku moja. Februari 2014 polisi wa Kenya walivamia Masjid Musa, Mombasa, wakaingia na viatu na kukamata watu zaidi ya 100. Hata kama mle mlikuwa na wahubiri wa vita, sheikh aliyekuwa akiwapinga aliwaambia nini vijana Ijumaa iliyofuata?

Desemba 2015, huko huko Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab ya Somalia walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwagawia wenzao Wakristo hijabu wajistiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kilichowaokoa abiria siku ile ni Waislamu walioijua dini yao.

Uislamu utaendelea kuwa na sauti kubwa duniani. Hilo halina ubishi. Ni nani atakayesikika zaidi ndani yake, hilo linategemea pia maamuzi ya serikali zetu. Zinapopewa taarifa na masheikh, zichukue hatua mapema na kwa mujibu wa sheria. Mshukiwa afikishwe mahakamani, wala asipotee usiku. Madrasa zipate walimu waliosoma vizuri, na vijana wa pale inapochimbwa gesi wawe wa kwanza kuajiriwa. Kijana anayeijua dini yake na kuiona haki ikitendeka ni mgumu kununulika, na kila serikali inayomdhulumu inawafanyia kazi wale inaodai kupambana nao.