Risasi Ndogo, Nyama Mukubwa

Pengine umesikia vijana wakibishana: bunduki ya risasi nene ndiyo inaua, ile nyembamba ni ya ndege tu. Leo tutazame wawindaji wa Marekani, wale wanaowinda ayala wa mukia mweupe. Utaona kwamba unene peke yake hausemi kitu.

Twaa kartushi mbili: .22 Long Rifle na .223 Remington. Pima risasi zake: zote mbili ni karibu milimetre 5.7. Lakini ya kwanza ina grama 2.6 na baruti kidogo. Ya pili ina grama 3.6, tena inatoka mu bunduki kwa mbio ya metre 970 hivi kwa segonde. Nguvu yake inapita ile ya kwanza zaidi ya mara 8. Ndiyo sababu sheria ya Texas inakubali .223 kwa ayala, na inakataza .22 ile. Colorado inakataza zote mbili. Kule unene unaanzia milimetre 6.

Lakini nguvu bila umbo haitoshi. Risasi ya vita imefunikwa chuma kigumu. Inapenya na kutokea ng'ambo, inaacha tundu dogo. Nyama anakimbia, anakufia mbali, hakuna anayemukula. Ile ya kuulia vinyama vidogo inapasuka mapema, haifiki ku moyo. Inayofaa ni yenye ncha laini, ya grama 4 hivi: inafunguka, na bado inaendelea kuingia mpaka mapafu. Ajabu, mapatano ya La Haye ya 1899 yalikataza risasi za kufunguka mu vita, sababu zinatesa watu. Mu kuwinda, ndizo zinafupisha mateso ya nyama.

Tena angalia bunduki yenyewe. Risasi ndefu inataka mifereji ya ndani izunguke upesi, mara moja kwa sentimetre 20 ama 23. Ikizunguka mara moja kwa sentimetre 30, risasi ile itayumba njiani.

Basi, mwenye risasi ndogo anasogea karibu, anangoja ayala aonyeshe ubavu, anamupiga nyuma ya bega. Akigeuka vibaya, ama akiwa mbali, haipigi. Wazazi, hata huku kwetu, kabla ya kumufundisha kijana kupiga, mumufundishe kwanza kushusha bunduki.