Mchungaji Naye Apumzike

Amri ya Sabato tunawafundisha watoto wetu tangu darasa la kipaimara. Hata hivyo, mtu anayetufundisha amri hiyo ndiye asiyepata siku ya kuishika, na wanaomzuia ni sisi waumini wake. Jambo hili si dogo. Kanisa linalomnyima mtumishi wake pumziko linavunja kwa mikono yake kile linachokihubiri kwa kinywa chake.

Mtazame mchungaji wa usharika mkubwa wa mjini siku ya Jumapili. Ibada ya kwanza ni saa moja asubuhi, ya pili saa nne. Akitoka tu anangojewa mlangoni: huyu ana mtoto wa kubatizwa, yule ndoa imemshinda, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ameshika ankara ya mabati. Chakula cha mchana anakila saa kumi, wali umeshapoa, simu iko sikioni kwa sababu kuna msiba. Jumatatu, siku inayosemekana kuwa yake, anaamkia mazishini. Watoto wake wamezoea kumwona akivaa kola na kutoka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliokithiri kwa alama tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na utendaji kushuka. Kwa mchungaji, alama ya pili ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Ataendelea kuwawekea wagonjwa mikono, ataendelea kupanda mimbarini, lakini moyo wake haumo tena. Waumini watalalamika kwamba mahubiri yamepooza, wala hawatajiuliza mhubiri alilala saa ngapi.

Maandiko hayakulificha jambo hili. Eliya aliyewashinda manabii wa Baali juu ya Karmeli ndiye huyohuyo aliyemkimbia Yezebeli, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake na kuomba afe chini ya mretemu. Tuangalie Mungu alimfanyia nini. Hakumkaripia, wala hakuanza kwa kumpa kazi mpya. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu, na ndipo Eliya alipoambiwa kwamba wako watu 7,000 wasiompigia Baali goti, naye alidhani amebaki peke yake. Akapewa na Elisha wa kushika nafasi yake. Uchovu ulikuwa umemfanya asiwaone wenzake.

Wapo watakaosema kwamba misiba haina ratiba na wagonjwa hawangoji. Ni kweli. Lakini Yesu mwenyewe, pale Kapernaumu, aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu kusali. Wanafunzi walipomfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, hakurudi; aliwaambia waende vijiji vingine. Aliwaacha watu waliokuwa bado wanamhitaji. Kama yeye alifanya hivyo, mchungaji wetu ni nani hata asiweze kuzima simu siku moja kwa juma?

Tena, kidole kimoja hakivunji chawa. Yethro alimwonya Musa kwamba atajichosha yeye na watu pia, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Nasi tuna wainjilisti, wazee wa kanisa na mashemasi. Kwa nini mzee wa kanisa asiongoze sala ya matanga? Kwa nini ankara ya mabati isiishie kwa mhasibu? Hapa na wachungaji wenyewe waonywe: wako wanaopenda kila ufunguo uwe mfukoni mwao, na hao hawatapumzika hata wakipewa mwaka mzima.

Hoja kwamba pumziko ni anasa haina mashiko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinamruhusu paroko likizo ya hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku zake za mafungo hazihesabiwi humo. Wala mchungaji wetu hahitaji hoteli ya ufukweni. Siku moja nyumbani na mkewe na watoto, bila hodi mlangoni, inatosha kuanzia.

Basi, wazee wa kanisa, jambo hili liko mikononi mwenu. Katika kikao kijacho pangeni siku ya mapumziko ya mchungaji, itangazeni ibadani, na mtajeni kwa jina atakayepokea simu za siku hiyo. Likizo yake iingizwe kwenye bajeti kama mnavyoingiza saruji. Nasi waumini, tukiwa na shida isiyo ya dharura, tungoje kesho yake. Tusisubiri kumchangia mchungaji gharama za hospitali ilhali tulishindwa kumpa siku moja ya kulala.