Ukilitoboa, Utapimia Nini?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Birmingham, fundi wa vyuma aliyepunguzwa kazini, alitubishia hodi jioni. "Shikamoo Mwalimu. Hebu njoo uone mali." Bandani kwake tulikuta bamba la graniti, ambayo kamusi zetu huiita itale, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 45 na unene wa 10. Alilinunua katika mnada wa karakana iliyofungwa. Alisema lilibebwa na watu wanne, nasi tukaamini, kwani jiwe la ukubwa huo hukaribia kilo 75. Nia yake ni kulifungia reli, liwe kitako cha mashine ya kuchonga vyuma, apate riziki nyumbani.

Wazo lenyewe si baya. Graniti haishiki kutu, hutanuka kwa joto kidogo kuliko chuma, na ikigongwa humeguka badala ya kufura kinundu. Chuma kilipokuwa adimu wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndipo mabamba ya jiwe yalipoanza kushika nafasi ya yale ya chuma.

Ila tulimwuliza: ukilitoboa, utapimia nini? Reli mbili hazina budi kulala katika usawa mmoja, na usawa huo haupatikani kwa jicho wala kwa pimamaji ya mwashi. Hupatikana kwa kulinganisha na kitu ambacho tayari ni bapa. Joseph Whitworth alilieleza jambo hili mwaka 1840. Ukikwangua mabamba mawili hadi yakubaliane, huenda moja limebonyea na jingine limebinuka, yakapatana katika kosa. Lete la tatu, na kila moja lipatane na mengine yote mawili, hapo kosa halina pa kujificha.

Tulisimamisha rula ya chuma juu ya jiwe, na mwanga mwembamba ukapenya katikati, mahali palipolika kwa miaka mingi ya kuburuziwa vipimo. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba halijatumika! Kijana alinyong'onyea, lakini kwetu hiyo ilikuwa habari njema: reli zake zitalala pembeni, palipolika kidogo, kwa hiyo jiwe hili litobolewe, na la kupimia litafutwe jingine, dogo, lisiguswe na keekee.

Kutoboa nako kuna adabu yake. Sharti iwe keekee ya almasi yenye tundu, maji yakitiririka, mbali na ukingo. Kisha vikombe vya chuma vyenye hesi vigandishwe kwa gundi ya epoksi. Vumbi kavu la graniti lina silika inayoharibu mapafu, na wanawe wawili hucheza humo bandani. Hapo hatukushauri, tuliamuru.

Alikwisha kulehemu meza ya miguu minne, kazi safi kabisa. Meza ibaki, tulisema, lakini jiwe liketi juu ya vituo vitatu tu; likiwa na vinne, kila kasoro ya sakafu italipinda.

Ameahidi kutoanza kabla ya kupata bamba la pili. Msomaji mwenye dogo linalobeba vyungu vya maua atujulishe, na wenye migongo mizima waje Jumamosi kulinyanyua hili.